Foleni ya Staha

Wakili Angwenyi alikuwa amestaafu, lakini mdomo wake haukuwa umestaafu. Kwa miaka mingi alisimama katika mahakama za Kisii na Nyamira akiwatetea wezi wa ng'ombe, wajane walionyang'anywa mashamba, na hata mwalimu mkuu mmoja aliyeshtakiwa kwa kumpiga mwenzake kwa kengele ya shule. Hakuna siku aliyokosa neno. Ila kulikuwa na mtu mmoja ambaye mbele yake ulimi wa wakili uligeuka mzito kama wa mtoto aliyevunja chungu. Na kwa bahati yake, mtu huyo ndiye aliyekuwa akimtetea leo: Nyakerario, mke wa mwanawe.

Si kwamba hakumpenda. Alimpenda mno, na tabu yote ilianzia hapo. Kwa Wagusii, baba mkwe na mkamwana wana ensoni, ile heshima ya kuoneana haya. Hawashikani mikono, hawaketi bega kwa bega, hawataji mambo ya ndoa wakiwa pamoja, na wakikutana kwenye kijia chembamba mmoja hujitoa kando akajifanya anakagua migomba ya jirani. Tangu Nyakerario aolewe pale Manga, maneno yake na mzee, ambaye kwa Kigusii angemwita tata, yaani baba, yalipitia kwa Gladys, mke wa mzee. "Mwambie Mama Bitutu mvua inakuja, aanue nguo," Angwenyi husema, na Mama Bitutu, yaani Nyakerario mwenyewe, ambaye amesimama pale pale akisikia kila neno, huwa ameshaanua nusu ya kamba kabla Gladys hajafungua mdomo.

Mambo ya nguo na mvua yaliweza kwenda hivyo. Mambo ya hataza, kumbe, hayakwenda.

Nyakerario alikuwa amesomea kompyuta, na kazi yake aliifanyia nyumbani, bintiye Bitutu akiwa shuleni. Mwaka uliopita alitunga programu ya simu ya kupanga zamu katika vituo vya kununulia majani chai. Mkulima akifika na kikapu anabofya simu, anapewa nafasi yake, basi. Hakuna kusukumana wala kukanyagana vidole. Programu za namna hiyo zipo nyingi. Lakini ya Nyakerario ilikuwa na jambo lake: watu wawili wasiopaswa kukaribiana wakitokea kufuatana kwenye mstari, iliwawezesha kutengana kimyakimya, pasipo yeyote kuaibika. Jambo hilo aliliita foleni ya staha. Akaliombea hataza, yaani ile hati ya serikali inayosema ubunifu huu ni wa fulani na asiuguse mtu bila ruhusa yake.

Maombi yakakataliwa. Mkaguzi wa ofisi ya hataza aliandika kwamba katika kazi ya kompyuta hakuna kitu kinachoitwa foleni ya staha. Na kama neno hilo lina maana yoyote, akaongeza, basi ni jina la kupaka rangi juu ya foleni ya kipaumbele, ambayo kila benki na kila hospitali inayo: mkubwa hupelekwa mbele, mdogo husubiri. Kitu cha zamani. Hakistahili hataza.

Wakakata rufaa, na zaidi ya rufaa hii familia haikuwa na uwezo wa kwenda. Tayari kampuni moja ya Nairobi ilikuwa imepiga simu ikiuliza maswali ya kijanja kuhusu jinsi programu ile inavyofanya kazi. Wakishindwa leo, njia ya Nyakerario itakuwa ya kila mtu, na kesho kutwa ataiona kwenye simu za watu ikiwa na jina la mwingine. Angwenyi aliyawaza hayo akifunga tai yake. Alikuwa amepoteza kesi nyingi maishani na kulala usingizi mzuri tu, lakini hii alijua hangeilalia.

Isitoshe, yeye ndiye aliyeandika maelezo ya maombi. Alipofika pale palipoandikwa "watu wasiopaswa kukaribiana", wakili ndani yake alimwambia: eleza, ni watu gani hao? Akamtuma Gladys akaulize. Gladys akarudi na jibu: "Amesema unajua." Naye alijua, bila shaka alijua! Nani Manga nzima asiyejua? Basi mzee akaona haya kuuliza tena, mkamwana akaona haya kueleza, na Gladys, mjumbe wa katikati, akaona hakuna haja ya kusumbua watu wazima kwa jambo linalojulikana. Maelezo yakaenda Nairobi hivyo hivyo, yakisema kwamba foleni ya staha ni foleni ambamo watu wasiopaswa kukaribiana hawakaribiani. Ukisoma mara ya kwanza unaona ni maneno. Ukisoma mara ya pili unaona hujaambiwa kitu.

Rufaa ilisikilizwa kwa video. Meza ilitolewa verandani, pale mtandao unaposhika vizuri, na kompyuta ya Nyakerario ikawekwa juu yake. Hapo wakagundua balaa. Kamera ni nyembamba, na baraza la rufaa kule Nairobi lilitaka kumwona wakili na mrufani wote wawili. Ili waonekane, ilibidi wasogeleane mpaka viti viguse. Angwenyi alisogeza kiti chake kidogo, akakirudisha. Nyakerario akasogeza chake, naye akakirudisha.

"Mwite mama yenu," mzee aliuambia ukuta.

Gladys akaja amevaa nguo zake za Sabato, kitambaa kichwani, na sahani ya mboga za managu ambazo alikuwa akichambua. Akaketi katikati. Tatizo likaisha, au walidhani limeisha.

Mwenyekiti wa baraza alikuwa Bi. Samsam, mama wa Garissa, mwenye miwani mikubwa na sauti ya mtu asiyependa kurudia. Katika dirisha la pili la kioo alionekana mkaguzi, Bwana Omwenga, kijana nadhifu mwenye makaratasi mengi. Angwenyi alilitambua jina hilo kuwa la Kigusii. Akamwuliza kwa adabu ni wa wapi.

"Nyansiongo, mzee," Omwenga alisema, na akainamisha uso haraka kwenye makaratasi yake.

Bi. Samsam akakohoa. "Tuanze. Naona watu watatu kwenye kioo. Wakili, mrufani, na huyu mama ni nani?"

"Ni mke wangu, mheshimiwa."

"Naye ni wakili?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Ni mtaalamu wa kompyuta?"

Gladys akacheka. "Mimi hata hii simu inanishinda, mama."

"Sasa anafanya nini hapo?"

"Anakaa katikati," Angwenyi alisema.

"Kwa nini?"

Nyakerario alikodolea macho kona ya meza. Angwenyi alirekebisha tai iliyokuwa imenyooka tayari. Kule Nairobi Omwenga alionekana akitafuta kitu muhimu sana chini ya kiti chake. Bi. Samsam alimtazama mmoja baada ya mwingine kwa mshangao wa mtu aliyeingia harusini na kukuta wote wameacha kuongea.

"Vizuri," alisema mwishowe. "Hiyo si kesi yangu. Kesi yangu ni neno moja. Wakili, staha katika madai haya ina maana gani? Na nikukumbushe, siwezi kupokea jambo jipya ambalo halimo katika maombi. Naweza tu kusikia neno lina maana gani kwa msomaji anayeijua kazi yenyewe."

Angwenyi alianza vizuri. Alieleza kwamba neno la kitaalamu halisomwi peke yake kama jina juu ya kaburi. Husomwa pamoja na maelezo yake. Alieleza kwamba mwenye ubunifu ana haki ya kuliita jambo lake jina analotaka, mradi maana yake ipatikane. Alitaja kanuni, alinyanyua kidole, sauti ikapanda. Gladys akaacha kuchambua mboga akamsikiliza, maana miaka mingi hakuwa amemwona katika hali hiyo, na alikuwa amesahau kwamba mumewe ni mzuri kazini.

"Nimekuelewa, wakili," Bi. Samsam akasema. "Maana ipatikane. Maelezo yanasema watu wasiopaswa kukaribiana. Ni watu gani?"

Wakili akashusha kidole.

"Bwana Omwenga, wewe umewaelewa ni watu gani?"

"Mheshimiwa," Omwenga alisema, shingo imemwiva, "katika kitabu chochote cha kompyuta, neno hilo halimo."

"Sijakuuliza kitabu. Nimekuuliza wewe."

"Mimi husoma kama mtaalamu wa kompyuta wa mahali popote, mheshimiwa. Nikiwa kazini." Na hapo naye akarudi kwenye makaratasi yake. Angetaja jambo lile mbele ya mzee na mkamwana wake, kwao Nyansiongo wangesema hakulelewa.

Gladys alikuwa amevumilia. Alichambua jani moja, la pili, halafu sahani ikatua mezani kwa kishindo.

"Nyinyi watu, mtoto atanyang'anywa jasho lake hivi hivi tukiangalia? Mficha uchi hazai!"

Jamani! Maneno gani hayo mbele ya mkamwana! Nyakerario alifunika uso kwa viganja. Angwenyi alifumba macho. Omwenga alipatwa na kikohozi cha ghafla. Bi. Samsam peke yake ndiye aliyeitikia kwa kichwa, kwa kuwa alidhani mama ametoa methali tu, na kweli ni methali tu.

Lakini ilimgusa mzee pale ilipokusudiwa. Alifumbua macho, akashusha pumzi, na akasema kwa sauti ndogo ambayo mahakama ya Kisii haikuwahi kuisikia:

"Mheshimiwa, mrufani huyu ni mkamwana wangu. Kwetu, baba mkwe na mkamwana hawakaribiani. Mama mkwe na mkwewe wa kiume vilevile. Ndiyo maana mke wangu ameketi hapa. Mstari wa majani chai ni wa watu kubanana, kila mtu ana kikapu, na kituo kimoja huhudumia watu wa ukoo. Hawa ndio watu wasiopaswa kukaribiana. Kila anayefanya kazi ya kupanga mistari katika vituo vyetu analijua hilo."

Akamaliza. Jasho lilikuwa limemtoka shingoni. Alikuwa amesema, tena mbele ya mkamwana, na ardhi haikupasuka.

"Ahaa," alisema Bi. Samsam, na kalamu ikakimbia. "Bwana Omwenga, ni kweli?"

"Ni kweli, mheshimiwa." Kijana alionekana kupumua. Kisha kazi ikamrudia, na kwa sauti ya kuomba radhi akauliza, "Mzee, samahani. Wakikutana mstarini, basi, mdogo humpisha mkubwa?"

"Naam! Ndivyo heshima ilivyo."

"Mkubwa akatangulia."

"Mkubwa akatangulia, bila shaka."

"Mheshimiwa," Omwenga alisema polepole, na ilionekana wazi kwamba hakufurahi kulisema, "hicho ndicho kipaumbele. Mkubwa mbele, mdogo nyuma. Tumerudi palepale nilipoandika."

Angwenyi aliuona mtego baada ya mguu kuwa ndani. Aibu yake yote ameitoa hadharani, ameivua mbele ya mwenyekiti wa baraza na mbele ya binti huyu, na kwa kinywa chake mwenyewe amempa mpinzani ushindi. Huku pembeni ya Gladys, kazi yote ya Nyakerario ilikuwa inayeyuka, na aliyeiyeyusha ni yeye. Alitamani kuomba msamaha, lakini hata msamaha angepaswa kuutuma kupitia kwa mkewe.

"Wakili, una la kuongeza?" mwenyekiti aliuliza.

"Mimi ninalo," ilisema sauti.

Ilikuwa ya Nyakerario. Alikuwa ameondoa viganja usoni. Hakumtazama mkwewe, alitazama kamera.

"Mheshimiwa, wakili wangu amesema kweli kuhusu mila. Lakini kuhusu foleni amekosea. Programu haijui mkubwa ni nani. Haijui mkwe ni nani. Hakuna mahali inapouliza umri wala ukoo."

"Sasa inajua nini?"

"Inajua aliye mbele." Akaisogelea kamera. "Niruhusu nieleze nilikoitoa. Wiki niliyoletwa hapa nikiwa bibi harusi, nilienda kituoni na kikapu changu. Nikaingia mstarini bila kuangalia vizuri. Kuinua uso, aliye mbele yangu kabisa ni baba mkwe. Nyuma watu wameshajaa, na akina mama wote wananitazama waone bibi harusi atafanya nini. Nikibaki, ni aibu. Nikitoka, narudi mwisho kabisa, jua linawaka, majani yananyauka na karani anayakataa. Nilitaka kulia."

Angwenyi aliikumbuka asubuhi ile. Hakuwahi kumwambia mtu.

"Yeye hakugeuka hata kidogo," Nyakerario aliendelea. "Alitoa simu mfukoni, akaanza kusema haloo, haloo, akatoka mstarini akaenda mpaka kwa ile miti. Kikapu akakiacha palepale. Mheshimiwa, hiyo simu haikuwa imelia. Na alikuwa ameishika kichwa chini miguu juu."

Bi. Samsam alificha mdomo kwa kalamu. Gladys hakujificha, aligeuka akamtazama mumewe kutoka tai mpaka viatu.

"Nikapita, nikapima majani yangu, nikaondoka. Ndipo akina mama wakamwita: wakili, njoo, mahali pako ni hapa. Akarudi nyuma ya kikapu chake, palepale alipokuwa. Hakuna aliyenung'unika. Kama ni ukubwa, mimi ndiye ningetoka, maana mimi ndiye mdogo na tena mgeni. Yeye ndiye alikuwa na mahali, na yeye ndiye aliyetoka ili mimi nisiaibike, na watu wakamtunzia mahali pake. Hiyo ndiyo niliyoiandika. Aliye mbele anabofya, anakaa kando, haulizwi sababu, na nafasi yake inamngoja. Kipaumbele humpa mkubwa mahali pa mdogo. Hii haimnyang'anyi mtu mahali pake."

"Hayo yamo katika maombi?" mwenyekiti aliuliza. "Si jambo jipya?"

Omwenga ndiye aliyejibu. Alikuwa tayari amefunua ukurasa. "Yamo, mheshimiwa. Dai la tatu: mwanachama aliyetangulia hujiondoa kwa muda, nafasi yake ikihifadhiwa, pasipo kutakiwa kutoa sababu. Nilipolisoma nilidhani mwandishi amechanganyikiwa, maana katika kazi yetu anayesogezwa nyuma ni mdogo." Akainua uso, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Nilipaswa kukumbuka kwetu."

Mwandishi alikuwa Angwenyi. Aliliandika dai lile neno kwa neno kama Gladys alivyomletea kutoka kwa Nyakerario, na hakujiuliza kamwe kwa nini aliyetangulia ndiye anayejiondoa. Wakili mzima! Kesi nzima ilikuwa imekaa mkononi mwake tangu mwanzo, nayo ilikuwa inamzungumzia yeye.

Baraza likapumzika. Verandani Gladys alinong'ona kwamba kumbe kuna watu hupisha wengine, na yeye kila Sabato anasukumwa mlangoni kama gunia.

Bi. Samsam aliporudi, alisoma uamuzi wake akiwa ameshika miwani. Alisema baraza limeridhika kwamba neno foleni ya staha, likisomwa pamoja na dai la tatu na kwa macho ya mtu anayeijua kazi ya vituo hivyo, lina maana iliyo wazi, na kwamba maana hiyo si kipaumbele. Anayejiondoa ni mwenye nafasi, kwa hiari yake, na nafasi haipotei. Hilo halikuwahi kuonyeshwa na mtu mwingine yeyote. Rufaa imekubaliwa. Hataza itolewe kwa jina la Nyakerario.

"Na wakili," aliongeza, "safari nyingine mwulize mteja wako maswali."

"Nitajaribu, mheshimiwa," Angwenyi alisema.

Kioo kikawa cheusi. Gladys alipiga vigelegele mpaka kuku wakatawanyika uani, akabeba managu yake, akakimbilia jikoni kuweka sufuria motoni na kuwapigia simu dada zake wote. Kiti chake kilibaki kitupu. Kwa mara ya kwanza tangu Nyakerario aolewe, yeye na mkwewe walikuwa wameketi meza moja na hakuna mtu katikati.

Kwa kawaida mmoja wao angekuwa ameshaondoka. Angwenyi aliegemea mbele ainuke, kisha akaacha. Alitazama uani, kwa sababu kumtazama yeye hakuweza, na machozi yalikuwa yamemjaa bila kuomba ruhusa. Alimtafuta Gladys kwa macho, apitishe neno kwake kama kawaida. Gladys alikuwa mbali, akipiga kelele kwenye simu. Basi akalisema mwenyewe.

"Mama Bitutu. Siku ile, mimi nilidhani hukuniona."

Nyakerario alifunga kompyuta taratibu. Naye pia alitazama uani.

"Nilikuona, tata."